Maji ya Uvuguvugu Kisimani

Haya nimeyapata kwa Harusi Mwambire mwenyewe, mjukuu wa dadangu, yule binti aliye sajini wa upelelezi wa Kilifi. Alinihadithia mwisho wa Shaabani mwaka huu, alipokuja kunitazama mguu, akakaa nami kutwa nzima akinichambulia mchele wa akiba ya Ramadhani. Nayaandika alivyoyasema.

Harusi alifika Dabaso siku ya Alhamisi, saa kumi alasiri, na mtaa ndio kwanza umezimika. Redio zilinyamaza kwa mpigo mmoja. Nyumba hii na ile wanawake wakapaza sauti, "Haya! Leo tena!" kisha pakawa kimya.

Wa kulaumiwa alikuwa anajulikana tayari. Ni msichana mwembamba mwenye viatu vya mpira na ufunguo shingoni, anakwenda mbio mlango kwa mlango. Huyo ndiye Kahaso, msimamizi wa umeme wa ushirika. Mtaa ule una nyumba arobaini na moja zenye sola juu ya paa, zote zimeungwa kwa laini moja na betri moja kubwa, na Kahaso ndiye aliyesomeshwa kuugawa umeme wake. Laini ikijizima hairudi mpaka abonyeze kisanduku cha kila nyumba kwa mkono wake.

"Wewe ndiye wa kupelekwa Kilifi kesho?" Harusi akamwuliza.

"Ndimi, afande. Lakini niache kwanza nimalize nyumba hizi. Kina mama wana kamba kwenye barafu."

Mwenyekiti wa ushirika, Bwana Mbaruk, mchuuzi wa samaki, alikuwa ameandikisha kituoni kwamba binti huyu anaiba umeme wa watu kupitia kisimani. Baada ya sala ya magharibi watu wangekutana. Hapo Kahaso avuliwe ufunguo hadharani, na asubuhi aondoke na Harusi. Basi Harusi alikuwa na saa mbili na kitu mkononi, basi.

Alianzia kisimani. Ni kibanda cha matofali kilichoezekwa makuti, mlango wa bati una kufuli. Ndani mna pampu na pipa kubwa la plastiki. Bomba limepenya ukutani, watu huchota wakiwa nje. Harusi alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akafungua bomba, akakinga viganja, akajimwagia usoni.

Akasita. Akakinga tena.

"Bi mkubwa," akamwambia mama mmoja aliyekuwa amesimama na ndoo, "maji haya siku zote huwa hivi?"

"Huwa vipi?"

"Ya uvuguvugu."

Mama yule, Kahonzi jina lake, mwuza kamba, akatia kidole. "Ni jua hilo, mwanangu."

"Pipa limo ndani, kivulini. Jua limeingia na ufunguo gani?"

Kahonzi akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

Kahaso alipomaliza nyumba zake alikuja anahema, akafungua kufuli. Harusi hakugusa kitu. Alitazama. Soketi tatu ukutani, pampu imepoa, na ndani ya pipa, karibu na ukingo, duara jeupe kama chokaa.

"Hii nini?"

"Chumvi. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Yakichemka huacha utandu kwenye sufuria."

"Yakichemka. Na nani anachemsha pipa?"

Kahaso akachungulia ndani ya pipa.

"Nieleze kazi yako," Harusi akasema, "kama unamweleza nyanyako."

"Adhuhuri umeme ni mwingi mpaka unatushinda, afande. Mapaa yote yanazalisha na watu wako kazini. Alasiri jua linapinduka, na hapo ndipo kila mtu anarudi anataka feni, friji, pasi, birika. Tukiwaacha, betri inakwisha kabla ya isha. Kwa hivyo nimewapangia. Barafu, kusaga, kupiga pasi, ni saa nne mpaka saa tisa. Kila nyumba ina taa mlangoni. Ikiwa kijani, paa lako linajitosheleza, tumia utakavyo. Ikiwa nyekundu, paa lako limechoka. Kisanduku kinakufungia kila kitu ila taa na chaji ya simu, mpaka magharibi nigawe fungu la usiku."

"Na kisima?"

"Kisima hakifungwi. Wazee walikataa. Walisema maji ya udhu na ya maiti hayawekewi ratiba."

"Kwa hivyo mtu akitaka kuvuta umeme mwingi wakati wa nyekundu, mahali ni hapa tu."

"Ni hapa tu. Mita inaonyesha kisima kimevuta mara sita ya kiasi chake, halafu swichi kuu inajizima kuilinda betri. Nikifika, mlango umefungwa, pampu nzima. Nimeifungua pampu hii mara tatu."

"Funguo ziko ngapi?"

Kahaso akaushika ule wa shingoni. "Mbili. Wangu na wa mwenyekiti."

Ndiyo maana alishukiwa. Harusi akaliomba daftari lake, akasimama mlangoni kwenye mwanga akalisoma. Laini ilikuwa imezimika mara saba. Jumamosi na Jumapili. Jumatano na Alhamisi. Jumapili na Jumatatu. Na leo Alhamisi. Siku zote baina ya saa tisa na nusu na saa kumi na robo.

"Kesho itazimika tena," Harusi akasema.

"Umejuaje?"

"Zinakuja mbili mbili. Mbili zinazima, mbili zinapumzika. Nani hapa anafanya kazi siku mbili akapumzika mbili?"

Kahaso akafikiri. "Mlinzi wa daraja la mikokoni. Lakini yeye saa sita huenda kwao."

"Na nani anakuchukia?"

"Nzai wa mashine ya kusaga. Hata hafichi."

Na kweli hakuficha. Nzai alikuwa ameketi juu ya gunia, unga mpaka kwenye nyusi, anamtazama Harusi kama aliyemngoja tangu asubuhi.

"Wivu ninao, sajini. Andika. Mimi nimefungua injini tangu huyu binti hajaota meno. Kazi ilipokuja, akapewa yeye kwa kuwa ana cheti. Sasa mimi, mtu mwenye wajukuu, nangoja taa ya kijani nisage mahindi! Kama gari la Mombasa!"

"Kwa hivyo umemzimia laini akaonekana hafai."

"Ningeweza, ningezima tangu mwaka jana. Ufunguo wa kisima sina."

"Kufuli lile hata mimi nalifungua kwa pini ya nywele."

"Basi umelifungua wewe." Akacheka, unga ukamruka. "Jumapili ile na Jumatatu nilikuwa Kaloleni, tulimzika shangazi yangu. Kahonzi alikuwepo matangani, alikula wali sahani mbili. Mwulize."

Kahonzi aliulizwa. Alikiri matanga, akakataa sahani mbili.

Saa kumi na moja kasorobo. Harusi akaenda kwa mwenyekiti.

Bwana Mbaruk ana wake wawili, Bi Raihana mke mkubwa na Pola mke mdogo, aliyemwoa Kaloleni mwaka wa juzi. Amewajengea ua mmoja, nyumba mbili zinazotazamana, sawa kama viatu. Milango sawa, madirisha sawa, vigae sawa, na juu ya kila mlango, kwenye mteremko wa mbele wa paa, sola sita. Kila aliyepita aliambiwa, "Mie si mtu wa kudhulumu. Sita kwa sita."

Harusi alimkuta kwa Pola, kifua wazi, chini ya feni iliyokuwa imesharudi kuzunguka. Taa ya mlango ilikuwa kijani.

"Karibu, sajini. Umeshamfunga yule binti?"

"Bado, bwana. Ufunguo wako wa kisima uko wapi?"

"Ufunguo wangu hautoki kwangu."

"Naomba niuone."

Mbaruk akajipapasa kiunoni, ambako palikuwa na kikoi tu. Pola, aliyekuwa anamimina maji ya ukwaju yenye barafu, akaguna.

"Atautoa wapi, na leo si zamu yangu? Kanzu yake, kofia yake, msahafu wake, funguo zake, vyote hulala penye zamu. Siku mbili kwangu, siku mbili kwa dada. Leo na kesho ni kwa dada. Magharibi ya kesho ndiyo vinahamia huku."

Harusi akaweka bilauri chini polepole. "Na kabla ya leo?"

"Jumanne na Jumatano zangu. Jumapili na Jumatatu za dada."

Harusi alikuwa na daftari kwapani wala hakulifungua. Tarehe zote alikuwa nazo kichwani.

"Leo ni zamu ya Bi Raihana," akamwambia Mbaruk, "na wewe uko hapa."

"Ah, nimepita tu kupumzika. Kule kuna joto. Nikitoka pwani saa tisa, taa ya kule nyekundu, feni haigeuki, maji hayana baridi. Huku kuna hewa. Usiku si nakwenda kule? Zamu ni usiku, sajini."

"Zamu ni usiku," Pola akaitikia, akachezesha bangili. "Mchana bwana anajua anapopendwa."

Harusi akatoka uani akasimama katikati. Jua lilikuwa limeshuka upande wa Arabuko, linampiga usoni. Paa la Pola lililitazama jua hilo ana kwa ana. Sola sita zikamwakia mpaka akakinga macho. Akageuka. Paa la Bi Raihana lilikuwa limelipa jua kisogo, na sola zake sita zilikuwa kivulini, nyeusi kama vioo vya chumba cha msiba. Akasimama pale kitambo, akalitazama hili na lile. Halafu akabisha hodi kwa mke mkubwa.

"Karibu, mwanangu," akasema Bi Raihana. Ni mwanamke mpana, mtulivu, leso yake imenyooshwa pasi mpaka kwenye mkunjo. "Nilijua utafika. Kaa. Nitakupa maji, lakini ya moto. Nyumba hii alasiri haina baridi."

"Ya moto ndiyo niliyoyafuata, shangazi."

Bi Raihana akamtazama.

Kanzu ya mume ilikuwa msumarini, na funguo kwenye msumari wa pili. Chini ya kitanda cha ukumbini kulikuwa na karai lililofunikwa gazeti. Harusi akaomba ruhusa, akafunua. Koili tatu, zile za kutumbukiza kwenye ndoo kuchemshia maji, zimekunjiwa waya vizuri. Akachukua moja, akakwaruza kwa ukucha utandu mweupe, akautia ulimini.

"Nyumba hii mnatumia maji gani jikoni?"

"Ya mvua. Tangi lile pale."

"Maji ya mvua hayana chumvi, shangazi."

"Hayana."

"Basi koili hizi zimeoga wapi?"

Nje kuku alipita na vifaranga. Bi Raihana aliwangoja wapite wote, kisha akaketi.

"Siku zake sikugusa," akasema. "Fungua daftari la huyo mtoto uone. Siku za Pola sikugusa hata moja. Mie si mwizi. Ni siku zangu tu."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka feni yake isimame. Kama ni joto, tuote sote. Miaka kumi na tisa nimempa mtu yule maji mkononi, leo ananipita mlangoni, siku yangu, kanzu yake iko kwangu, anakwenda kulala alasiri kwa mwenzangu! Na mwenzangu anamcheka ili nisikie. Niliona kwanza ni hirizi. Kisha nikatazama taa. Sola sita kwa sita, mbona yake kijani na yangu nyekundu? Nani mwenye taa? Kahaso. Basi kapewa kitu, au kaahidiwa. Msichana mzuri, hana mume, kila siku yumo uani mwangu na kalamu. Nikasema, huyu ndiye wa tatu anayekuja."

"Kwa hivyo ulikuwa unawapiga wawili kwa jiwe moja."

"Nilikuwa najitetea."

"Njoo nje."

Harusi akamshika mkono akamsimamisha uani, akamwonyesha paa moja, kisha la pili. Bi Raihana alitazama kama anayesoma barua ndefu.

"Huyu yuko machweoni," akasema mwishowe.

"Na wewe mawioni. Kahaso hachagui taa. Asubuhi saa moja, ya nani kijani?"

"Yangu."

"Na yake?"

"Nyekundu. Lakini asubuhi mume yuko pwani."

Harusi akakunja midomo asicheke. "Fundi aliweka kama alivyoambiwa. Mumeo alihesabu sola, hakuhesabu jua. Sasa nisikilize, shangazi. Mtoto wa watu atavuliwa ufunguo magharibi, na kesho nimpeleke Kilifi kwa kosa lako. Koili hizi nazichukua. Jina sitalitaja mpaka niulizwe. Una nafasi ya kutoka hapa mpaka mkutanoni."

"Na nisiposema?"

"Nitasema mimi, na nitaanza na feni."

Mkutano ulikaa mbele ya chumba cha barafu, wanaume mabenchini, wanawake mikekani. Kahaso alisimama pembeni, ufunguo ameshauvua, ameufumbata mkononi. Mbaruk alikuwa amevaa kanzu sasa. Alianza kwa salamu ndefu, akaendelea na uaminifu, akafika kwenye vijana wa siku hizi.

"Mume wangu," ikasema sauti kutoka mikekani, "keti."

Watu waligeuka. Bi Raihana alikuwa amesimama, ameshika leso kwa mikono miwili.

"Ni mimi. Ufunguo wa kisima ni wa huyu mwenyekiti wenu, na siku za zamu yangu unalala kwangu. Nilitia koili tatu kwenye pipa, saba. Mara saba, nasema. Binti hana kosa. Nilimwonea."

Kahonzi aliruka kama aliyekalia siafu. "Raihana! Kamba wangu ndoo kumi wamekuwa weusi! Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu mume wangu alasiri analala kwa Pola."

"Ingekuwa kila mwenye mke mwenza anazima umeme, pwani yote ingekuwa giza!"

Vicheko vikapasuka, hata Nzai akajifuta machozi. Mbaruk alisimama, mkono juu, na Harusi akaona neno linalopanda kooni mwake, neno ambalo likishatoka mke huondoka na mabegi. Akasogea mbele.

"Bwana mwenyekiti, kabla hujasema. Tulikuuliza ufunguo leo, ukatuambia hautoki kwako. Hilo nalo limeandikwa. Na swali langu ni moja, hawa wote wanalingoja. Ulikuwa unafuata nini kwa Pola, siku isiyo yake?"

Mbaruk akatazama chini, akatazama juu. Kisha akasema ukweli, na huenda ni ukweli wa kipumbavu kuliko wote aliowahi kusema.

"Feni," akasema.

Sasa aliyesimama ni Pola. Bangili hazikulia.

"Feni?"

"Joto, Pola. Wewe unajua lile joto..."

"Mulungu wangu! Mwaka mzima nakusagia ukwaju, nakufukizia udi, namringia dada wa watu, kumbe napendewa feni!"

Haikuchukua muda baada ya hapo. Kahonzi alidai ndoo zake kumi za kamba, na Mbaruk akazikubali mbele ya watu kabla hajaongezewa. Malalamiko ya kituoni yakafutwa. Kahaso akaulizwa ua ule ufanyweje, na msichana akajibu kwa sauti ndogo, lakini kila mtu aliisikia: sola tatu za huku zihamie kule, tatu za kule zihamie huku, ili kila nyumba iwe na asubuhi na iwe na alasiri. Na kufuli la kisima libadilishwe, ufunguo uwe mmoja.

"Mmoja kwa nani?" Nzai akauliza.

Kahaso akafumbua kiganja, akajivika ufunguo shingoni. Hakuna aliyebisha. Nzai alisonya, lakini ndiye aliyejitolea ngazi.

Magari ya kurudi Kilifi yalikuwa yamekwisha. Bi Raihana akamkamata Harusi mkono. "Umenifedhehesha," akasema, "lakini hutalala njaa Dabaso. Twende." Akamlisha wali na samaki wa kupaka, akamtandikia ukumbini, juu ya kitanda kile kile chenye karai chini.

Kahaso alikuwa ameshalala zamani, kwao, na viatu miguuni. Mamake alikuja kusema hivyo alipoleta asante ya mayai. Nzai naye alilala mapema, kwa ajili ya ngazi ya asubuhi.

Mbaruk aliswali isha, akaja. Alibisha kwa Bi Raihana, kwani zamu ni zamu. Kanzu ya pili, msahafu na funguo za banda la samaki vikapitishwa dirishani, mlango usifunguke. Akavuka ua. Kwa Pola hakikupitishwa kitu. Alikaa baina ya nyumba mbili, kwenye benchi, akavuta kikoi mpaka masikioni, akaanza kupiga mbu.

Harusi alikuwa anasinzia aliposikia kitu kinaburutwa. Bi Raihana alikuwa dirishani, chandarua mkononi, jicho kwenye upenyo.

"Mpelekee basi, shangazi."

"Nimpelekee? Yule Pola yuko dirishani kwake ananitazama. Na yeye kashika chandarua. Nikitoka, atasema nimeshindwa."

"Na akitoka yeye?"

"Nitamvunja mguu."

Benchini pakasikika kofi, kisha lingine, kisha yakapungua, kisha mkoromo. Taa ya Pola ilizimika. Bi Raihana aliingoja kidogo, asije akawa anadanganywa, halafu akajilaza na chandarua kifuani, akalala pale pale kabla hajamaliza kunung'unika. Harusi alizihesabu pumzi zake mpaka zikawa za usingizi wa kweli, akageukia ukutani, akalala naye.